Siku moja Mto Pangani: Kupanda na maji, kurudi na maji

PANGANI, Tanga

Mfanyabiashara wa mipakani ni bingwa wa kusubiri. Husubiri lori lijae, husubiri mzigo ukaguliwe, husubiri mteja wa upande wa pili atume fedha zilizobaki. Mnunuzi aliyetoka Mombasa kufuata machungwa ya Muheza anaweza kujikuta hana la kufanya siku nzima, kwa sababu tu mvua imewachelewesha wachumaji. Wengi huimaliza siku hiyo katika nyumba ya wageni mjini Tanga, wamejilaza na simu, wakipiga hesabu za hasara.

Takriban kilomita 50 kusini mwa Tanga kuna namna nyingine ya kuimaliza, isiyo na kelele wala jasho jingi. Ni kupanda Mto Pangani kwa kayaki kuanzia pale mto unapokutana na Bahari ya Hindi, kuingia katika hori moja au mbili za mikoko, kula chakula cha mchana chini ya minazi, na kurudi kabla ya giza.

Kayaki ni mtumbwi mwembamba na mwepesi, siku hizi wa plastiki ngumu, wa kukaliwa na mtu mmoja au wawili. Kafi lake lina bapa ncha zote mbili. Mpigaji anachovya kulia, anachovya kushoto, chombo kinakwenda. Asili yake ni watu wa nchi za barafu, waliokitengeneza kwa ngozi za sili ili wawinde baharini, na katika pwani ya Afrika Mashariki kimeingia na utalii. Baadhi ya nyumba za wageni za ufukweni upande wa Pangani na Ushongo huwa nacho.

Asiyekipata hapotezi kitu. Mtumbwi wa kawaida na mvuvi wake wanaweza kuifanya safari hiyo hiyo, na pengine wakaifanya vizuri zaidi, maana mwenye mtumbwi anajua tope liko wapi na mamba huota jua upande gani.

Ratiba iko mikononi mwa maji

Mgeni huuliza saa ya kuondoka. Mwenyeji huuliza kwanza habari za maji.

Sehemu ya mwisho ya Mto Pangani haiendi upande mmoja kama mito ya bara. Bahari ikijaa, maji huingia mlangoni na kupanda juu. Bahari ikipwa, hurudi yalikotoka. Kwa siku hujaa mara mbili na kupwa mara mbili, na kati ya kujaa na kupwa hupita saa 6 na dakika chache. Kila siku ratiba nzima husogea mbele kwa kadiri ya dakika 50. Wakati wa bamvu, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, tofauti ya kina kati ya maji kujaa na maji kupwa katika pwani hii hufika mita 3 na zaidi. Wakati wa maji mafu, mwezi ukiwa nusu, tofauti hiyo hupungua sana.

Asiyejua hudhani siku nzuri ni ya bamvu, kwa kuwa maji yana nguvu. Sivyo. Siku za bamvu bahari hii hupwa karibu saa nne asubuhi na kujaa karibu saa kumi jioni. Anayetaka kupanda na maji atalazimika kupiga kafi juani mchana kutwa, kisha arudi gizani.

Siku ya starehe huja siku mbili tatu baada ya nusu mwezi, karibu na tarehe 9 au 10 ya mwezi mwandamo, na tena tarehe 24 au 25. Hapo maji hupwa alfajiri au karibu na saa moja asubuhi, hujaa karibu na saa saba mchana, na hupwa tena wakati wa machweo. Mtu anapanda asubuhi akisukumwa, anapumzika mchana maji yakiwa yamesimama, anarudi jioni akisukumwa tena. Nguvu ya maji si kubwa kama ya bamvu, lakini anayetembea kwa raha haihitaji yote.

Hesabu hii ni ya kadirio. Majedwali ya kujaa na kupwa kwa bandari za pwani yapo, na anayetaka dakika kamili ayatazame. Asiye nayo amuulize mvuvi yeyote aliyekaa kwenye ngazi za mto. Dereva anayejua saa ambazo foleni ya Horohoro hulegea ataelewa jambo hili bila somo la pili.

Mto humwongezea anayepanda faida moja ambayo bahari haimpi. Maji hayajai mahali pote kwa wakati mmoja, kwani mjao wenyewe unasafiri. Mlangoni yanaweza kuwa yameshaanza kurudi, ilhali kilomita kadhaa juu bado yanapanda. Anayefuatana nayo husukumwa kwa muda mrefu kuliko aliyebaki pwani. Wakati wa kurudi hesabu hugeuka, maana anayeshuka huwahi kukutana na mjao unaofuata. Ila hapo husaidiwa na mkondo wa mto, kwa sababu maji yanayotoka bara huungana na yale yanayopwa.

Mlangoni

Safari haianzii ufukweni. Kwenye mlango wa mto kuna fungu la mchanga ambapo mawimbi ya bahari hugongana na maji yanayotoka, na hata manahodha wa vyombo vikubwa hupita hapo kwa hadhari. Kayaki ibaki ndani. Iingizwe majini upande wa mto, juu ya gati la kivuko au jirani yake, na mpigaji avae jaketi la kuokolea hata kama anajua kuogelea. Simu ikae ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa. Maji ya kunywa yawe mengi kuliko anavyodhani atahitaji, kwani ya mtoni hayanyweki, na sababu yake itafuata.

Kivuko huvuka kati ya Pangani, ukingo wa kaskazini, na Bweni, ukingo wa kusini. Hubeba magari, pikipiki, magunia, baiskeli zilizofungwa vikapu vya samaki. Mwenye kayaki hupita nyuma yake, si mbele, na husubiri mawimbi yake yatulie.

Gati hilo lina uchumi wake mdogo unaotegemea kusubiri: anayengoja kivuko hununua kahawa, kashata, muhogo wa kukaanga. Uchumi huo una siku za kuhesabu. Daraja la mita 525 linajengwa kuvuka mto huu, likiwa sehemu ya barabara ya pwani itakayounganisha Bagamoyo, Pangani, Tanga, Horohoro, Lunga Lunga na hatimaye Malindi, mradi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki unaogharimiwa kwa sehemu na Benki ya Maendeleo ya Afrika. Lori la Mombasa linalokwenda Dar es Salaam halitalazimika tena kuzunguka Segera na Chalinze. Kwa wasafirishaji ni nafuu kubwa. Kwa muuza kahawa wa gatini ni jambo la kufikiria mapema.

Anayeanza kupanda huiona kwanza sura ya mji: majumba ya zamani yenye milango ya mbao, boma, kingo ambazo zimelazimika kujengewa kuta ili zisiliwe na maji. Wafanyabiashara wa karne ya 19 waliujua vizuri mlango huu. Misafara ya pembe za ndovu iliyokwenda Usambara, Kilimanjaro na nchi ya Wamaasai ilipangwa hapa. Hapa pia waliletwa watumwa; wengine walivushwa ng'ambo, wengine wakabaki kulima mashamba ya miwa yaliyokuwa kandokando ya mto huu huu ambao leo mtu anaupanda kwa kujifurahisha.

Agosti 1888 Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilikuja kuchukua forodha na utawala wa pwani kwa mkataba ilioupata kwa Sultani wa Zanzibar. Pangani ilikataa. Upinzani ulioongozwa na Abushiri bin Salim ukaenea pwani nzima, na ulizimwa tu baada ya serikali ya Ujerumani kuleta jeshi. Abushiri alinyongwa hapa hapa Pangani mnamo Desemba 1889. Vitabu vya shule huviita vita vya kupinga ukoloni, na ndivyo vilivyokuwa. Lakini mtu anayelipa ushuru kila wiki ataona upesi kwamba mkono wa kwanza wa mgeni ulikwenda kwenye nyumba ya forodha.

Miaka michache baadaye, mwaka 1893, Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida, Marekani. Iliyofika ikiwa hai ilikuwa 62 tu. Ilipandwa Kikogwe, karibu na Pangani, na kutokana na hiyo ndipo mashamba makubwa ya mkonge ya Tanga, na baadaye ya Kenya, yalipopata asili yake. Mfanyabiashara aliyewahi kupoteza tisa ya kumi ya mzigo njiani na bado akapata faida anaweza kujiliwaza na habari hiyo.

Ndani ya hori

Baada ya mji kuachwa nyuma, sauti za pikipiki hupungua na mto huanza kujipinda. Katika saa la kwanza hakuna haja ya haraka. Mpigaji akiacha kafi mapajani, chombo huendelea kusogea chenyewe, taratibu kama mtu anayetembea sokoni bila nia ya kununua. Akitaka kujua kasi yake atazame mzizi mmoja ukingoni, auhesabie.

Kila baada ya mwendo fulani ukuta wa mikoko hufunguka na kuonyesha hori, mkono mwembamba wa maji unaoingia ndani ya msitu. Hapa ndipo kayaki inapoishinda mashua ya injini. Haina kelele, haihitaji kina, na inaweza kugeuka mahali ambapo ngalawa ingenasa kwa mirengu yake.

Ndani ya hori pana kivuli na harufu ya tope. Mkoko husimama juu ya mizizi iliyopinda kama miguu ya kaa. Mchu hutoa vijiti vyembamba vinavyochomoza topeni kama penseli. Ndivyo mti huo unavyovuta hewa, kwa sababu ndani ya tope hewa haipo. Ukitulia husikika milio midogo ya kupasuka, tik, tik, kutoka kila upande: ni kamba wadogo na kaa wanaofungua na kufunga mashimo. Samaki mdogo mwenye macho juu ya kichwa hurukaruka juu ya tope kana kwamba amesahau kuwa ni samaki. Mdiria hukaa kwenye tawi lililo juu ya maji, hudondoka kama jiwe, hurudi na kitu mdomoni.

Kwa mtu wa biashara, msitu huu si mgeni. Boriti za mikoko zilikuwa bidhaa kubwa ya majahazi yaliyokwenda Ghuba na kaskazi kwisha, na nyumba nyingi za kale za Arabuni zina upana wa vyumba unaolingana na urefu wa boriti za Afrika Mashariki. Leo mikoko ya Tanzania ni hifadhi, na kuikata kunataka kibali. Biashara yake ya sasa ni ile isiyoonekana: kambamti, kaa koko na samaki kadhaa wanaouzwa Tanga na Mombasa hukulia katika mizizi hii kabla ya kwenda baharini. Anayefyeka hori anafyeka duka la mwenzake.

Kanuni ya hori ni moja, na si ya kupuuzwa. Iingiwe maji yakipanda, na itokwe kabla hayajaanza kushuka. Maji ya hori huondoka upesi kuliko mgeni anavyotarajia. Aliyekuwa akielea juu ya mita moja ya maji hujikuta, baada ya muda mfupi wa kupiga picha, amekalia tope. Na tope la mikoko halikanyagiki. Mguu huzama hadi gotini, kisha hadi pajani, na kila anayejitahidi kuuchomoa huuzamisha wa pili. Aliyenasa atulie ndani ya chombo chake, anywe maji yake kidogo kidogo, angoje mjao unaofuata, hata kama ni usiku wa manane. Ni kungoja kurefu kuliko kwa mpaka wowote.

Chumvi inapanda

Kuelekea adhuhuri mikoko hupungua na minazi huchukua nafasi. Hapa maji ni mapana, rangi ya chai ya maziwa, na ukingo una mahali pa kutia nanga au kufunga kamba kwenye shina. Msafiri aliyeleta vitumbua na samaki wa kukaanga anakula hapa. Akimkuta mkwezi, atamwamkia shikamoo kama ni mtu mzima, na mara nyingi dafu halikosekani kwa bei ya kuelewana.

Ndipo afanye jaribio dogo: achovye kidole katika maji ya mto, aonje.

Maji ya chumvi ni mazito kuliko maji matamu. Bahari inapojaa, chumvi huingia chini, kama mkeka unaosukumwa chini ya mlango, na maji ya mto hupita juu yake. Kwa hiyo juu panaweza kuwa na maji yenye ladha hafifu tu, na chini yake, mahali mizizi na pampu zinapofika, pana bahari. Kinachoamua mkeka huo ufike wapi ni mapambano ya pande mbili: nguvu ya mjao kutoka baharini, na wingi wa maji matamu yanayoshuka kutoka bara. Nguvu ya mjao ni ile ile tangu enzi za mababu, hata kama bahari nayo inapanda pole pole. Upande uliopungua ni ule wa bara.

Wakazi wa kando ya mto wamekuwa wakieleza kwa miaka mingi kwamba chumvi inafika juu zaidi kuliko zamani, hasa miezi ya kiangazi, na kwamba mashamba yaliyokuwa yakipandwa mpunga na mboga hayafai tena. Minazi iliyokatika vichwa, imebaki magogo matupu kama nguzo za simu, inaonekana wazi kutoka majini. Haki itendeke hapa: si kila mnazi mkavu umeuawa na chumvi. Ugonjwa wa kunyong'onyea umeua minazi mingi katika pwani ya Tanzania, na mingine ni mizee tu. Lakini mnazi unaovumilia chumvi kidogo hauvumilii kuinywa kila siku, na muhogo au mchicha hauvumilii hata kidogo.

Maji matamu yamekwenda wapi? Ili kulijibu swali hilo, anayekula vitumbua vyake chini ya mnazi inabidi aupande mto kwa akili tu, takriban kilomita 500, hadi Kilimanjaro na Meru.

Mto huu hukusanya maji ya milima hiyo miwili, ya Upare na ya Usambara. Mkono mmoja, Kikuletwa, hutoka upande wa Arusha na Moshi. Mkono wa pili, Ruvu, hutoka Ziwa Jipe. Na Ziwa Jipe liko mpakani: sehemu yake ni ya Kenya, sehemu ni ya Tanzania, na mto mkubwa unaolilisha, Lumi, huanzia miteremko ya Kilimanjaro na kupita Taveta. Kwa hiyo mfanyabiashara wa Taveta anayenawa mikono asubuhi kabla ya kuvuka kwenda Holili ananawa kwa maji ambayo, yasipokwama njiani, yatapita chini ya kivuko cha Pangani.

Kinyume chake kipo Mto Umba. Huo huanzia Usambara, Tanzania, na kumwaga maji yake upande wa Kenya, karibu na Vanga. Nchi mbili hizi zimebadilishana mito bila kuulizana, na kila moja ina watu wake wanaoishi mwisho wa bomba la mwenzake.

Njiani maji yana wateja wengi. Mifereji ya Wachaga ni ya karne nyingi. Kuna miwa ya Arusha Chini, mpunga wa tambarare za Moshi, mashamba ya maua na mboga ya Arusha, ambayo baadhi ya mazao yake ndiyo hayo hayo yanayopakiwa kwenda Nairobi. Kuna bwawa la Nyumba ya Mungu, mahali Kikuletwa na Ruvu hukutana, lenye mitambo ya umeme ya megawati 8. Chini yake kuna Hale, megawati 21, na Pangani, megawati 68, uliokamilika mwaka 1995. Mitambo ya umeme yenyewe hainywi maji, huyapitisha tu. Lakini bwawa lililotandazwa juani hupoteza mengi kwa mvuke, na maji yanayoachiwa hufuata ratiba ya mitambo, si ratiba ya mkulima wa mlangoni.

Hakuna katika hao anayeweza kuitwa mwizi. Kila mmoja ana sababu nzuri, na wengi wana vibali vya Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani. Shida ni ile ile ya gari la mizigo linalopita vituo kumi, kila kituo likitolewa gunia moja kwa haki kabisa. Aliyeko kituo cha mwisho hupokea turubai. Na kwa kuwa aliyeko mwisho hapa ni mkulima mwenye minazi thelathini na heka moja ya muhogo, sauti yake haifiki Moshi kwa urahisi.

Hilo linamhusu pia anayenunua nazi. Nazi za Pangani zikipungua, bei haipandi Pangani peke yake. Inapanda Tanga, inapanda Kongowea, Mombasa.

Kurudi na upepo usoni

Dalili ya kwanza ya maji kugeuka ni takataka. Jani lililokuwa likipanda husimama, huzunguka mara moja mahali pake, kisha huanza kurudi. Wakati huo msafiri awe ameshafungua kamba.

Saa la kwanza la kushuka ni tamu kuliko yote. Jua limeanza kuinama, mamba wakubwa huwa wamekwisha kuonekana au hawataonekana tena, na yangeyange huanza kurudi makundi kwa makundi kwenye miti ya kulala. Mamba wapo katika mto huu, kwa hiyo mikono isiburuzwe majini na hakuna kuoga, hata maji yawe ya kuvutia namna gani.

Ila kuna jambo moja ambalo wengi husahau wakiwa wamelegea. Kila alasiri upepo wa bahari huvuma kuingia bara. Asubuhi ulikuwa haujaanza. Sasa unakuja usoni. Maji yanashuka, upepo unapanda, na viwili hivyo vinapokutana kwenye sehemu pana karibu na mji, mto hufanya viwimbi vifupi vyenye pembe kali vinavyoingia ndani ya chombo. Msimu wa kusi hali huwa ngumu zaidi. Dawa ni kuambaa na ukingo wenye kivuli cha upepo, kuinama, kupiga kafi fupi fupi, na kutojaribu kukata katikati ili kufika upesi. Mtu aache nguvu kidogo kwa ajili ya kilomita hizo za mwisho. Asubuhi alisafirishwa bure. Sehemu ya nauli hudaiwa hapa.

Tahadhari ya pili ni kivuko. Maji yanayopwa humsukuma mwenye kayaki kuelekea gati na, zaidi ya gati, kuelekea mlango na fungu lake la mchanga. Kwa hiyo mahali pa kutokea pachaguliwe juu ya kivuko, na msafiri aanze kuelekea ukingoni mapema. Anayengoja hadi alione gati ndipo ageuze omo, huwa amechelewa.

Chombo kikishatolewa huoshwa kwa maji ya bomba, kwa sababu chumvi hula bawaba na kamba. Kisha ni wali wa nazi na samaki, chakula ambacho Pangani haina haja ya kukifanyia matangazo.

Kwa wanaotoka Kenya, kuvuka Lunga Lunga na Horohoro ni kwa kituo kimoja cha pamoja, na mtu huhitaji pasipoti au hati ya muda ya kusafiria. Anayependa kurudi na nazi za biashara ajue kwamba mzigo wenye asili ya Afrika Mashariki usiozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani huweza kupita kwa cheti rahisi cha uasili kinachotolewa na forodha hapo hapo mpakani. Cheti cha afya ya mimea ni jambo tofauti na huulizwa kwanza. Kitafutwe Tanga kabla ya kupakia, siku ya kazi, asubuhi.